Hukumu Haijawa Malipo: Talaka, Mali ya Ndoa na Utekelezaji wa Amri za Mahakama nchini Kenya

Utangulizi

Neno talaka limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kufungua au kuachilia. Katika mazungumzo ya kila siku, na hata katika uhakiki wetu wa fasihi, tunalichukulia kana kwamba kufungua huko hukamilika mara tu neno linapotamkwa au muhuri wa mahakama unapogongwa. Katika riwaya ya Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, kwa mfano, tumezoea kuijadili talaka ya Bi Tamima kama kielelezo cha mamlaka ya Maksuudi. Ni nadra mwanafunzi kuuliza mtalikiwa huyo alistahili kupata nini, kutoka kwa nani na kwa njia gani. Hata hivyo, maswali hayo ndiyo yanayomkabili kila Mkenya ambaye ndoa yake imefika kortini.

Makala haya yanadhamiria kueleza masuala ya sheria na fedha yanayoambatana na talaka nchini Kenya, hususan namna amri za mahakama zinavyotekelezwa. Hoja kuu ni kwamba hukumu ni mwanzo wa safari nyingine: anayeshinda kesi hupata haki ya kudai, wala hapati fedha mkononi. Hoja ya pili inatuhusu sisi wa Kiswahili moja kwa moja, nayo ni kwamba haki hiyo hupotea kwa urahisi pale ambapo mwenyewe hajui jina wala kazi ya hati aliyo nayo. Makala haya hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili. Yanalenga kumwezesha msomaji kujua aulize nini.

Mashauri Matatu Ndani ya Talaka Moja

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua aina tano za ndoa: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Sababu za kuvunja ndoa hutofautiana kulingana na aina hizo. Katika ndoa ya Kikristo, kwa mfano, mlalamishi anaweza kutaja uzinzi, ukatili, kutelekezwa kwa muda usiopungua miaka 3, upotovu wa kupindukia, au kuvunjika kwa ndoa kiasi cha kutoweza kutengenezeka. Ndoa ya Kiislamu huvunjwa kwa kufuata sheria ya Kiislamu. Kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaipa Mahakama ya Kadhi uwezo wa kuamua masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, mradi wahusika wote wawe Waislamu na wakubali kufika mbele yake.

Mtu anaposema "nina kesi ya talaka", huenda anazungumzia mashauri matatu yaliyo mbalimbali. La kwanza ni la hadhi: je, hawa bado ni mume na mke? La pili ni la mali: ni nani mwenye kitu gani, na kwa kiasi gani? La tatu ni la matunzo: ni nani atakayemlisha nani, kwa shilingi ngapi na kwa muda gani? Kila shauri huwa na ushahidi wake na amri yake. Hati inayovunja ndoa haigawi shamba. Aghalabu dai la mali hufunguliwa peke yake. Kwa hivyo anayeondoka kortini na hati ya talaka akidhani amepata na nyumba, amebeba jibu la swali moja tu kati ya matatu.

Mali ya Ndoa na Uzito wa Ushahidi

Hadi mwaka 2013, mahakama za Kenya zilitegemea sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu mali ya wanawake walioolewa. Mwaka huo Bunge lilipitisha Sheria ya Mali ya Ndoa. Kwa mujibu wake, mali ya ndoa ni nyumba ya familia, vyombo na samani zilizomo, pamoja na mali nyingine ambayo wanandoa wanaimiliki kwa pamoja na waliipata wakati wa ndoa. Kifungu cha 7 kinaeleza kwamba umiliki hufuata mchango wa kila mmoja katika kuipata mali hiyo. Jambo la msingi ni kwamba mchango hauhesabiwi kwa fedha pekee. Sheria inataja kazi za nyumbani, malezi ya watoto, uandani, usimamizi wa biashara ya familia na kazi ya shambani.

Kifungu cha 45(3) cha Katiba kinasema kwamba wanandoa wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, katika ndoa na wakati wa kuivunja. Wapo walioelewa kuwa mali sharti igawanywe nusu kwa nusu. Mnamo Januari 2023, Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba usawa huo hauna maana ya mgawanyo wa moja kwa moja wa asilimia 50 kwa 50. Kila upande sharti uthibitishe mchango wake, na mahakama huamua kwa kuzingatia mazingira ya kila kesi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti za vifaa vya ujenzi, taarifa za benki, kumbukumbu za kutuma fedha kwa simu na mashahidi walioona nani alilima na nani alilea, hayo yote ndiyo daftari la ndoa.

Aidha, inafaa mali ilindwe kabla ya hukumu. Sheria inazuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani mali ya ndoa bila idhini ya mwenzake. Anayeshuku kwamba shamba litauzwa kwa siri anaweza kuomba tahadhari iandikishwe katika sajili ya ardhi, na anaweza pia kuiomba mahakama amri ya muda ya kuzuia uuzaji.

Matunzo

Mahakama inaweza kuamuru mmoja alipe matunzo ya mwenzake wa zamani, na amri hiyo inaweza kubadilishwa hali ikibadilika. Katika sheria ya Kiislamu, mtalikiwa wa talaka rejea hustahili makazi na matumizi katika muda wa eda yake. Inavutia kwamba neno la Kiarabu linalotaja matumizi hayo ndilo lililotuzalia neno nafaka. Katika Kiswahili cha kawaida limebakia kuwa mahindi, mtama na mchele, ilhali mbele ya kadhi bado lina ile maana ya wajibu wa mume kumkimu mkewe.

Kuhusu watoto, Kifungu cha 53 cha Katiba kinawapa baba na mama wajibu sawa, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inaendeleza msingi huo. Yafaa kusisitiza kwamba matunzo ni haki ya mtoto. Mzazi anayezuiwa kumwona mwanawe ana njia ya kwenda mahakamani kudai haki hiyo, lakini hawezi kuacha kumlisha ili kumwadhibu mzazi mwenzake.

Kutoka Hukumu hadi Malipo

Tuchukue mfano wa kubuni. Mahakama imemwamuru baba alipe shilingi 15,000 kila mwezi kwa ajili ya watoto wawili. Miezi 8 imepita pasipo malipo yoyote, na deni limefika shilingi 120,000. Mama ana nakala ya hukumu ndani ya mkoba. Anangoja. Asichokijua ni kwamba hakuna afisa atakayetoka kortini kwa hiari yake kwenda kulitafuta deni hilo. Ni juu ya aliyeshinda kuiomba mahakama itekeleze amri yake yenyewe.

Hatua ya kwanza ni kupata hati ya hukumu, ambayo mawakili huiita dikrii. Hukumu ni maelezo marefu ya hakimu na sababu zake. Hati ya hukumu ni muhtasari rasmi, wenye muhuri, unaosema nani amlipe nani na kiasi gani. Ombi la utekelezaji husimama juu ya hati hii. Ikiwa zaidi ya mwaka mmoja umepita tangu itolewe, sharti mdaiwa apewe kwanza ilani ya kufika kueleza kwa nini isitekelezwe. Baada ya miaka 12, mlango hufungwa.

Hatua ya pili ni kuchagua njia. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, katika Kifungu cha 38, inatoa njia kadhaa, na iliyo bora hutegemea mdaiwa ana nini na amekiweka wapi.

Njia ya kwanza ni kukamata mali na kuinadi. Kazi hii hufanywa na dalali mwenye leseni. Huorodhesha mali, kisha humpa mdaiwa siku 7 za kuikomboa ikiwa ni mali inayohamishika. Kwa ardhi na majengo, ilani ni ya siku 45. Hata hivyo, si kila kitu hukamatwa. Sheria inakinga mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, pamoja na zana anazotumia kujipatia riziki.

Njia ya pili ni kuifuata fedha ya mdaiwa iliyo mikononi mwa mtu wa tatu. Ikiwa benki inashika akiba yake, mahakama inaweza kuiamuru imlipe mdai kutoka akaunti hiyo. Kwa mtu aliyeajiriwa, mahakama inaweza kuamuru sehemu ya mshahara ikatwe na mwajiri. Kwa matunzo ya kila mwezi njia hii ina manufaa makubwa, kwani malipo hayategemei tena hiari ya mdaiwa.

Njia ya tatu ni kifungo cha madeni, ambacho hakiwezi kuzidi miezi 6. Mnamo 2012 Mahakama Kuu ilieleza kwamba kifungo hiki chenyewe hakipingani na Katiba, lakini sharti mdaiwa asikilizwe kwanza na ibainike kwamba ana uwezo wa kulipa ila anakataa. Mambo mawili hayajulikani na wengi. Kwanza, mdai ndiye anayetoa fedha za kumkimu mfungwa. Pili, kutoka gerezani hakufuti deni. Yule baba wa mfano wetu akifungwa kisha aachiliwe, shilingi 120,000 bado zinamngoja. Zaidi ya hayo, aliye kifungoni hafanyi kazi. Mama huenda akajikuta anamlisha mdaiwa huku watoto wakikosa. Kifungo hufaa zaidi kwa mwenye mali anayejificha kuliko kwa asiye nacho.

Ikiwa amri inahusu ardhi na aliyeamriwa amekataa kutia sahihi hati za uhamisho, Kifungu cha 98 cha sheria hiyo hiyo kinairuhusu mahakama kumteua mtu mwingine atie sahihi kwa niaba yake. Ukaidi wa kalamu hautoshi kuzuia haki. Isitoshe, anayekaidi amri kwa makusudi anaweza kuadhibiwa kwa kuidharau mahakama. Sheria maalumu ya mwaka 2016 kuhusu kosa hilo ilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2018, lakini uwezo wenyewe wa kuadhibu ulibakia kupitia sheria nyingine.

Kuna dhana moja potofu inayofaa kuondolewa. Wengi hudhani kwamba aliyeshindwa akikata rufaa, hukumu husimama. La hasha. Rufaa pekee haisimamishi utekelezaji. Anayetaka usimamishwe sharti aombe bila kuchelewa, aonyeshe kwamba atapata hasara kubwa, na atoe dhamana.

Lugha ya Hati

Hapa ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tunapoingia. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Hata hivyo, Kifungu cha 86 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinaifanya Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa, na kuruhusu Kiingereza au Kiswahili katika mahakama za chini. Matokeo yake ni kwamba mtu hueleza masaibu yake kwa Kiswahili, kisha hukabidhiwa hati asiyoweza kuisoma.

Nje ya korti, hati zote huitwa "amri ya korti". Jina hilo moja hufunika mambo manne yasiyolingana: amri ya muda inayolinda mali kesi ikiendelea, hukumu, hati ya hukumu, na hati ya kumwagiza dalali akamate mali. Aliye na ya kwanza akidhani ana ya nne atangoja bure; aliye na ya pili asijue kuomba ya tatu ataacha miaka 12 imponyoke.

Tanzania imetutangulia. Mwaka 2021 ilibadilisha sheria yake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Huko, kutekeleza hukumu huitwa kukazia hukumu. Kitenzi hiki kinaeleza kwa uwazi: hukumu hutolewa ikiwa imelegea, nayo sharti ikazwe. Hatuna sababu ya kuliona istilahi hilo kuwa geni. Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kushirikiana na wanafunzi wa sheria kuandaa faharasa fupi ya hati za kesi za familia, yenye jina la kila hati, kazi yake, anayeiomba na muda wake wa kufa. Karatasi mbili zingetosha, zikabandikwa penye madawati ya usajili ya mahakama.

Hitimisho

Tumeona kwamba talaka ni mashauri matatu, kwamba mchango katika mali huhitaji ushahidi, kwamba matunzo ni haki inayodaiwa, na kwamba hukumu isiyoombewa utekelezaji hubakia karatasi. Dawa ya deni ni kulipa. Lakini kwa mdaiwa mkaidi, dawa hiyo hunywewa pale tu mdai anapojua mlango wa kubisha. Kuutaja mlango huo kwa lugha anayoielewa ni kazi ya wataalamu wa sheria, na ni kazi yetu pia.