Kwa Nini Punda Wako Anakonda?

Katika skimu zetu nyingi, kuanzia Kinangop hadi Ol Kalou, punda ndiye apelekaye maziwa asubuhi na kuleta maji jioni. Tangu mwaka 1962, mashamba makubwa yalipoanza kugawanywa katika Mpango wa Ekari Milioni, wakulima wamejifunza kuwatunza vizuri ng'ombe wa gredi. Lakini punda, ambaye ndiye hubeba maziwa ya ng'ombe huyo, mara nyingi huachwa ajitafutie chakula kando ya barabara.

Kiangazi kimoja mzee mmoja alikuja ofisini kwetu akiwa na huzuni. Akaniambia, "Mwanangu, punda wangu anakwisha. Kila jioni nampa gorogoro nzima ya mahindi, lakini mbavu zake naweza kuzihesabu nikiwa mlangoni. Akifa, maziwa yatafikaje? Na karo ya watoto italipwa na nini?"

Mimi ni karani, si daktari wa mifugo. Nilikuwa karibu kumwambia aongeze mahindi. Afisa wa mifugo alinizuia, akasema twende kwanza tumwone punda mwenyewe. Tuliyoyaona huko yafaa kujulikana na kila mwenye punda.

Tumbo la punda si la ng'ombe

Ng'ombe ana tumbo lenye sehemu nne, naye hucheua. Punda hacheui. Tumbo lake ni moja, tena dogo. Majani anayokula huchachushwa nyuma, katika utumbo mpana, na huko ndiko apatako sehemu kubwa ya nguvu zake. Kwa hiyo punda ameumbwa kula kidogo kidogo kwa saa nyingi, mchana na usiku, na chakula kinachomfaa ni majani makavu yenye nyuzi nyingi.

Akipewa mahindi mengi kwa mara moja, mengine hupita bila kusagwa na kuingia katika utumbo mpana. Hapo hugeuka kuwa asidi na hewa. Tumbo husokota, na pengine kwato hushikwa na maumivu makali ndani hata punda ashindwe kutembea.

Punda wa mzee yule alifungwa kwenye mkokoteni tangu alfajiri hadi saa kumi jioni bila kuonja jani. Usiku alifungwa kwenye mti akiwa na mahindi yake tu. Basi mahindi hayakuwa machache. Majani na nafasi ya kuyala ndiyo vilikosekana.

Mpapase kwa mkono

Katika sehemu za baridi, manyoya marefu hudanganya macho. Weka kiganja juu ya mbavu, uti wa mgongo na nyonga. Punda aliye sawasawa, mbavu zake huzisikia ukibonyeza kidogo, lakini huzioni. Ukiziona mbavu, na uti wa mgongo umechongoka, amekonda. Usizihisi kabisa, amenona kupita kiasi, na hilo nalo si jema. Usipime kwa shingo peke yake, maana mafuta ya shingo huweza kubaki hata punda amekonda. Mpapase hivyo kila baada ya wiki mbili, uandike katika daftari.

Tafuta sababu kabla ya kuongeza chakula

1. Meno. Meno ya punda huendelea kuchomoza maisha yake yote, na magego huisha upande mmoja yakabaki na ncha kali zinazokata shavu na ulimi. Dalili zake ni hizi: hudondosha mabonge ya nyasi zilizotafunwa nusu, mdomo hunuka, na katika mavi mna nyasi ndefu. Usijaribu kuyapiga tupa mwenyewe. Mwite mtaalamu wa mifugo.

2. Minyoo. Mpe dawa kwa ushauri wa afisa wa mifugo na kwa kadiri ya uzito wake. Zoa mavi bomani angalau mara mbili kwa wiki.

3. Maji. Punda huvumilia kiu bila kulalamika, lakini asiyekunywa vya kutosha hula kidogo. Punda wa kazi aweza kumaliza debe la lita 20 kwa siku, na zaidi wakati wa jua kali. Maji yawe safi, kwa kuwa machafu huyakataa.

4. Kazi na vidonda. Punda aliyekonda hana nyama ya kumkinga na kamba za mkokoteni. Mpunguzie mzigo, mpumzishe, na umpe angalau siku moja ya mapumziko kila wiki.

Chakula chenyewe

Punda wa kilo 150 huhitaji kama kilo 3 za majani makavu kwa siku. Mwenye kazi nzito huhitaji karibu kilo 4. Nyasi kavu, mabua ya ngano au shayiri, na mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa vyote vyafaa. Yaweke makavu chini ya paa, na umwekee horini usiku kucha. Anapongoja maziwa yapimwe, mfungulie mfuko wa nyasi ale.

Aliyekonda aongezewe nyasi kavu zilizokatwa zikiwa bado changa, na majani ya viazi vitamu kidogo. Ukitaka kumpa nafaka au pumba, isizidi nusu kilo kwa siku, tena igawe asubuhi na jioni. Anza na konzi moja, uongeze polepole kwa muda wa wiki mbili. Jiwe la chumvi la kulamba liwe karibu.

Mambo matatu ya hatari

Kwanza, usimpe punda mahindi yenye ukungu ati kwa kuwa watu hawayali. Sumu ya ukungu huo huharibu ubongo wa punda. Huzunguka pale pale, husukuma ukuta kwa kichwa, kisha hufa kwa siku chache, na dawa yake hakuna.

Pili, usimpe chakula cha gunia cha ng'ombe wala cha kuku. Vingine huwa na dawa iitwayo monensini, ambayo kiasi kisichomdhuru ng'ombe humuua punda.

Tatu, punda mnono au mwenye mimba akiacha kula ghafula, usingoje kesho. Mafuta ya mwili wake huweza kumiminika katika damu na kumuua. Mwite daktari siku hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo pia, punda mnono asinyimwe chakula ghafula ili apungue.

Mzee yule alifanya nini?

Meno ya punda wake yalikuwa na ncha, yakasawazishwa. Alipewa dawa ya minyoo. Mahindi yalipunguzwa hadi konzi chache, na hori likajazwa mabua ya ngano kila usiku. Kwa wiki tatu jirani alimsaidia kubeba maziwa. Mwezi wa kwanza hatukuona badiliko kubwa, na mzee alianza kunung'unika. Mwezi wa tatu nilipopapasa mbavu, ilinibidi kubonyeza ndipo nizisikie. Gorogoro ya mahindi ilikuwa imerudi jikoni kwa mama watoto.

Wahenga walisema, "Punda afe, mzigo wa bwana ufike." Lakini mkulima mwenye punda mmoja ajua kwamba punda akifa njiani, mzigo haufiki. Basi leo jioni, kabla ya kufunga boma, weka kiganja chako juu ya mbavu za punda wako.