Kamani iliyochoka haivutwi

Chuma kina heshima yake. Sura ya 57 katika Kurani yaitwa Al-Hadid, yaani Chuma, nasi tuliosomea chuoni tulilijua jina hilo kabla hatujashika spana. Walakini chuma nacho huchoka, na leo nataka tuzungumze juu ya chuma kichokacho kimyakimya: springi za mbele za pikipiki kuukuu. Wazee wetu springi ya saa wakiiita kamani, na neno hilo lafaa hapa pia.

Juzi hapa Mombasa nilikaa asubuhi nzima katika karakana ya fundi mmoja aliyekuwa akiihudumia Yamaha DT 125, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1974. Mwenyewe, kijana, alilalamika kwamba kila akifunga breki pikipiki husujudu. Alikwisha kuambiwa kwingine kwamba dawa ni kuzibana springi kwenye jiriwa na kuzivuta zirefuke.

"Fundi, nivutie tu, nina haraka," alisema.

"Hapana, mwanangu. Kwanza tupime."

Aliiinua pikipiki hata gurudumu la mbele likaning'inia. Springi hukaa ndani ya mabomba mawili ya mbele hali zimebanwa, na kifuniko kikifunguliwa huku uzito ungali juu yake, chaweza kuruka kikamtoa mtu jicho. Akazitoa zote mbili, akazifuta mafuta, akazilaza mezani bega kwa bega. Moja ilikuwa fupi kuliko mwenziwe kwa upana wa ukucha. Alipozilinganisha na kipimo cha kitabu cha watengenezaji, ikadhihirika kuwa hata ile ndefu imepungua.

Mimi mtu wa mashairi niliutambua ugonjwa huo. Mshororo wetu una ukwapi na utao, kila kipande mizani 8. Utao ukiwa na 7, hata mtoto husikia kwamba shairi lachechemea. Ndivyo zilivyo springi hizi. Hununuliwa jozi, na mafuta hupimwa sawasawa kwa kila bomba.

Kwa nini basi isivutwe? Mwingereza Robert Hooke alieleza mwaka 1678 kwamba nguvu ya springi hukua kwa kadiri inavyobanwa: ibane mara mbili, nayo itakusukuma mara mbili. Lakini springi iliyofupika imekwisha kuzidiwa, chuma chake kimepinda kisirudi. Kuivuta ni kuipinda tena upande wa pili. Itasimama kwa muda, kisha uzito wa mpandaji utaishusha. Wala ugumu wake hauongezeki, kwani ugumu hutokana na unene wa waya, upana wa duara na idadi ya mizunguko.

Tena springi haifanyi kazi peke yake. Mafuta yaliyomo bombani hupenya katika vitundu vidogo na kuituliza irudipo juu, la sivyo pikipiki ingerukaruka kama mbuzi. Wajerumani wa BMW walitumia mabomba yenye mafuta ya namna hiyo katika pikipiki yao R12 ya mwaka 1935. Kwetu pwani adui ni chumvi. Bomba likishika kutu huwa kama msasa, hukwaruza mpira uzuiao mafuta, nayo yakavuja. Kitambaa safi kila jioni ni kinga ya bei nafuu.

Kijana alinung'unikia bei ya jozi mpya. Fundi akamweleza kwamba breki zikifungwa uzito mwingi huja mbele. Springi dhaifu hubanwa hata mwisho, na shimo dogo likitokea hapo, gurudumu halina tena pa kuponea. Huruka, na usukani haushiki njia. Kijana akanyamaza. Akaiacha pikipiki, akaenda zake kwa miguu kutafuta fedha.

Nawafikiria vijana wetu wa bodaboda, wanaopakia mama na mtoto juu ya springi zisizopimwa tangu zitoke kiwandani. Fundi avutaye springi haponyi kitu, huficha ugonjwa tu, na anayedanganywa ni abiria asiyejua. Basi wewe mwenye pikipiki kuukuu, ukiona yainama kupita kiasi, muulize fundi wako kipimo cha kitabu ni kipi, kisha mwombe azipime springi ukiona kwa macho yako. Rula ya mwanafunzi yatosha.