Mate si Makohozi

Wahenga walinena kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Sidhani kuna wanaohitaji usia huo kuliko wanafunzi wa maabara za tiba. Darasani, mwanafunzi wa Chuo cha Mafunzo ya Matibabu nchini (KMTC) husomeshwa jinsi ya kutambua bakteria wa kifua kikuu kwa mbinu ya Ziehl-Neelsen. Makohozi hupakwa kwenye kipande cha kioo, yakatiwa rangi nyekundu, yakaoshwa kwa asidi iliyochanganywa na spiriti, kisha yakatiwa rangi ya buluu. Chini ya hadubini, bakteria hao huonekana wangali wekundu.

Hata hivyo, aghalabu sampuli ya darasani humfikia mwanafunzi ikiwa tayari. Hospitalini hana budi kuiomba kwa mgonjwa, na kuomba ni kazi ya lugha. Hapo ndipo nami, mwanaisimu, ninapothubutu kutia neno.

Tuchukue mfano wa mwanagenzi anayempa mgonjwa mkebe na kumwambia, "Mama, tema mate humu." Mama atatii, naye atatema mate. Lakini ugonjwa umo mapafuni, na kinachotakiwa ni makohozi yatokayo kifuani. Mate yakipimwa, huenda hadubini isionyeshe chochote ilhali mama ni mgonjwa. Atarejea nyumbani na karatasi ya kumtoa wasiwasi, aendelee kukohoa katika chumba wanamolala wanawe. Rangi haikukosea, wala hadubini haikukosea. Lililokosea ni neno moja.

Wapo watakaodai kuwa mitambo ya kisasa kama GeneXpert imelitatua tatizo hili. La hasha! Mtambo hupima ulichopewa. Haugeuzi mate kuwa makohozi.

Hali ni iyo hiyo kwa mkojo unaochunguzwa viini. Mgonjwa hutakiwa aache wa mwanzo upite, akinge wa katikati. Je, kijana wa miaka 20 atamwelezaje hayo mzee wa umri wa babu yake bila kumvunjia heshima? Jibu halimo katika vitabu vya Kiingereza anavyosomea. Hulipata wadini, akimsikiliza mtaalamu mkongwe akisema, "Mzee wangu, shikamoo. Naomba unisaidie na haja ndogo. Ya kwanza iache ipite."

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Napendekeza basi kwamba mkufunzi anayemtahini mwanafunzi hospitalini asikague vioo na madaftari pekee. Amsikilize pia akimwelekeza mgonjwa: avute pumzi kwa kina, akohoe kutoka kifuani, ateme makohozi wala si mate. Kisha mgonjwa aombwe kuyarudia maelekezo hayo kwa maneno yake mwenyewe. Akishindwa, aliyeanguka mtihani ni mwanafunzi.