Umeme Umejaa Rufiji, Mkaa Bado Unatawala Jikoni

Machi 2024 Tanzania ilipata tatizo ambalo miezi michache kabla yake hakuna aliyeliwazia: umeme ulizidi. Mvua zilikuwa zimejaza mabwawa, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ulikuwa umeanza kuzalisha mwezi uliotangulia, na serikali ikatangaza kuzima kwa muda vituo vitano vya umeme wa maji kwa kuwa uzalishaji ulipita mahitaji. Nchi iliyokuwa kwenye mgao mwishoni mwa 2023, mitaa ikipokezana giza kwa ratiba, sasa ilikuwa na umeme wa kumwaga.

Siku hizohizo malori yaliendelea kuingia Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro na ya Kilwa yakiwa yamesheheni magunia ya mkaa yaliyojazwa lumbesa. Bodaboda zikayasambaza mitaani, na ilipofika jioni majiko yakawashwa uani kama kawaida.

Anayetaka kujua safari ya Tanzania kuelekea nishati safi imefika wapi hana budi kutazama pande zote mbili. Kwenye gridi, hatua ni kubwa na inaonekana. Jikoni, safari ndiyo kwanza inaanza.

Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Wazo la kuuzuia mto Rufiji pale kwenye korongo la Stiegler lilizungumzwa kwa miongo mingi kabla ya kampuni za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, kupewa kazi hiyo Desemba 2018. Jiwe la msingi liliwekwa Julai 2019, maji yakaanza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wa mwisho ukakamilika mwaka 2025. Wanamazingira waliupinga mradi huo kwa sababu umejengwa ndani ya eneo la Selous, ambalo ni urithi wa dunia. Hoja yao haijafutwa na mafanikio ya mitambo. Lakini umeme upo, na unafanya kazi: tangu katikati ya mwaka 2024 treni za reli ya kisasa zinakwenda Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa nguvu ya umeme, bila dizeli.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya hewa ukaa ya Tanzania haitoki kwenye mitambo ya umeme. Inatoka msituni. Takwimu za serikali zinaonyesha kuwa nchi hupoteza takribani hekta 469,000 za misitu kila mwaka. Kilimo cha kuhamahama ndicho kinachofyeka eneo kubwa zaidi, na mkaa nao unachangia. Mara nyingi vyote viwili vinakutana kwenye shamba lilelile, miti ikichomwa mkaa kwanza kisha mahindi au ufuta kupandwa.

Mkaa huo una mteja mmoja mkubwa. Utafiti wa Benki ya Dunia uliotoka mwaka 2009 ulikadiria kuwa Watanzania walikuwa wakitumia takribani tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na nusu yake iliishia Dar es Salaam. Utafiti huohuo ulionyesha jambo la kushangaza zaidi: kati ya mwaka 2001 na 2007, kaya za jiji hilo zinazotumia mkaa ziliongezeka kutoka asilimia 47 hadi 71. Jiji lilikuwa linakua, lina umeme, lina maduka ya gesi, na bado lilikuwa linarudi kwenye mkaa.

Nguvu ya kopo

Sababu yake inaonekana kwenye genge lolote la Manzese, Tandale au Mbagala majira ya jioni. Muuza mkaa amepanga bidhaa yake kwa vipimo: mafungu chini kwenye kiroba, kisha makopo, kisha ndoo, na nyuma kabisa magunia. Mteja mwenye pesa ndogo anaondoka na mkaa wa kupikia ugali na mboga ya usiku mmoja. Kesho atarudi. Hakuna mkataba, hakuna fomu, na muuzaji akimfahamu atamkopesha.

Gesi haiuzwi hivyo. Mtungi mdogo wa kilo 6, ule wenye plate juu yake, hujazwa kwa mkupuo. Pesa hiyo, ambayo miaka ya karibuni imekuwa ikizidi shilingi elfu ishirini, mama lishe au kibarua wa ujenzi anatakiwa awe nayo siku ileile gesi inapokata. Ikikata tarehe 18 na mfuko ni mtupu, mtungi unasogezwa pembeni na jiko la mkaa linarudi kazini. Ukijumlisha makopo ya mwezi mzima, mara nyingi mkaa hauwi nafuu kuliko gesi. Lakini hakuna anayelipa mwezi mzima kwa mara moja. Watu wanalipa leo kwa ajili ya leo.

Hapa ndipo kampeni nyingi zinapokosea mlango. Zinamweleza mama madhara ya moshi, wakati yeye ndiye anayeukohoa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na serikali ya Tanzania imekuwa ikitaja vifo takribani 33,000 kwa mwaka nchini. Nimonia kwa watoto wadogo ni miongoni mwa njia zinazoua. Anayepuliza jiko huku mtoto yumo mgongoni hahitaji kushawishiwa sana kuwa moshi ni mbaya. Anachohitaji ni nishati anayoweza kuinunua kwa kipato chake.

Wapo waliolitambua hilo mapema. KopaGas, kampuni iliyoanzia Dar es Salaam, ilifunga mita kwenye mtungi wa gesi na kumwezesha mteja kulipa kidogokidogo kwa simu. Salio likiisha, gesi inasimama, akiongeza, inaendelea. Mwaka 2020 teknolojia hiyo ilinunuliwa na kampuni ya Circle Gas, na sasa wateja wa Nairobi wanaitumia kwa jina la M-Gas. Gesi imepewa kipimo cha kopo, na ndiyo maana imeingia kwenye nyumba ambazo mtungi wa kawaida uliishia mlangoni.

Lengo la 2034

Kwa upande wa sera, mambo yamesogea haraka. Mei 8, 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Takwimu za serikali zinaonyesha mwanzo ulivyokuwa mdogo: asilimia 6.9 tu mwaka 2021. Siku sita baada ya uzinduzi huo alikuwa Paris, mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa kimataifa wa nishati safi ya kupikia barani Afrika, uliotoka na ahadi za dola bilioni 2.2.

Nyumbani, taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zilipewa hadi mwisho wa Januari 2024 kuachana na kuni na mkaa, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukisambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Ruzuku hiyo inasaidia kununua mtungi. Kujaza mara ya pili, ya tatu na ya kumi kunabaki juu ya mteja.

Kuna pia suala la nini kiitwe safi. Gesi ya mitungi inayoagizwa kutoka nje ni zao la mafuta na inatoa kaboni, ingawa ukiilinganisha na mkaa wa msitu unaokatwa bila kuota tena, ina nafuu kubwa kwa mapafu na kwa miti. Mkaa mbadala wa Rafiki Briquettes unaotengenezwa na shirika la umma la STAMICO unatokana na makaa ya mawe. Unaokoa msitu, hilo ni kweli, lakini kaboni yake imechimbwa ardhini ilikokuwa imelala, na nchi inayotaka kupunguza hewa ukaa haiwezi kuuhesabu kama mwisho wa safari.

Uniti 75

Kinachobaki ni ule umeme uliozidi. Mtu aliyezoea jiko la koili, linalokula uniti hadi mita ya LUKU inalia, huona kupikia umeme ni anasa. Majiko ya umeme ya presha yamebadilisha hesabu hiyo. Yana kuta zinazohifadhi joto na kifuniko kinachobana mvuke, na yakishafika kwenye joto linalotakiwa hujizima na kujiwasha yenyewe. Majaribio ya jikoni yaliyofanywa na taasisi ya Kitanzania ya TaTEDO, chini ya mpango wa MECS unaofadhiliwa na Uingereza, yalipima vyakula vya kila siku: maharage, makande, wali, nyama. Kilo ya maharage, chakula kinachomaliza mkaa kuliko karibu vyote, huiva kwa chini ya uniti moja.

Ugali bado una shida yake, kwa sababu unataka sufuria wazi na nguvu ya mwiko. Chapati nazo zinataka chuma. Lakini kaya inayohamishia maharage na makande peke yake kwenye umeme imeshapunguza sehemu kubwa ya mkaa wake.

Kizuizi kiko kwenye bei. Katika mpangilio wa bei uliopitishwa mwaka 2016, mteja mdogo wa daraja la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti, mradi asizidishe wastani wa uniti 75 kwa mwezi. Akizidisha hupandishwa daraja la T1, ambako uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi. Sasa chukua kaya yenye taa, redio, televisheni na simu za kuchaji, inayotumia uniti 40. Ikianza kupika kwa uniti moja na nusu kwa siku, inaongeza 45 na kuvuka mstari. Kuanzia hapo inalipa karibu mara tatu hata kwa taa zilezile ilizokuwa nazo. Kaya hiyo imefanya hasa kile ambacho mkakati wa taifa unaiomba, na bili ndiyo inayoiadhibu. Daraja la bei kwa ajili ya kupikia, au kikomo cha D1 kilichopandishwa, lingefanya kazi ambayo matangazo elfu hayawezi kuifanya.

Wapangaji wana kikwazo kingine. Katika nyumba nyingi za vyumba, mita ni moja kwa familia nne au tano, na sharti la kwanza la mwenye nyumba ni kutotumia pasi wala jiko la umeme. Mpaka kila chumba kiwe na mita ndogo yake, jiko la presha litabaki dukani hata kama mpangaji ana pesa ya kulinunua.

Kwa wachoma mkaa

Mwanzo wa mwaka 2006 serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa. Bei zikapaa, jiji likahaha, na baada ya wiki mbili hivi marufuku ikaondolewa. Fundisho lilikuwa chungu kwa watu wa mijini, ila waliosahaulika zaidi walikuwa wachomaji.

Kuchoma mkaa ni kazi ngumu. Magogo ya miombo yanapangwa, yanafunikwa majani mabichi, kisha udongo, na moto unawashwa upande mmoja. Moshi mweupe mzito hutoka kwanza, maji ya mti yakikauka. Ukianza kuwa mwembamba wa samawati, mkaa unakaribia. Kwa siku kadhaa mchomaji analala palepale, maana ufa mmoja kwenye udongo ukiingiza hewa, mzigo wote unakuwa majivu. Na tanuri la kienyeji huhitaji hadi kilo kumi za kuni kupata kilo moja ya mkaa.

Wilayani Kilosa, kuanzia mwaka 2012, mashirika ya misitu ya TFCG na MJUMITA yalijaribu njia nyingine kwa fedha za Uswisi. Kijiji kinapima msitu wake, kinaukata kwa vitalu vya mita 50 kwa 50 vilivyopishana, na kuacha visiki vichipue kwa miaka 24 kabla ya kurudi. Ushuru unaingia kwenye mfuko wa kijiji, na umejenga madarasa na kuboresha zahanati.

Vijiji hivyo vinategemea soko la Dar es Salaam, soko lilelile ambalo mkakati wa 2034 unalenga kulihamishia kwenye gesi na umeme. Njia ya kuvifidia ipo: vijiji nane vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi vinalipwa kwa kuutunza msitu wa milima ya Ntakata kupitia biashara ya kaboni, kwa ubia na kampuni ya Carbon Tanzania, na fedha hizo zimekwenda kwenye shule na afya. Mpango wa namna hiyo huchukua miaka kuandaa, kuanzia kupima msitu, kuhakikiwa, hadi kupata mnunuzi. Kwa Kilosa, Handeni na Kisarawe, maandalizi yake yanapaswa kuanza sasa, wakati mkaa bado una mteja na halmashauri za vijiji bado zina kitu cha kujadiliana nacho.