MLEZI, MSIMAMIZI NA MSAIDIZI WA MAAMUZI

Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria za Tanzania, istilahi zilizokuwa za mawakili zimezidi kuingia katika maandishi ya makarani na watendaji. Mojawapo ni mlezi, neno linalohitaji uangalifu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mchimbaji mdogo wa Runzewe, wilayani Bukombe, ameangukiwa na kifusi duarani, akaumia kichwa. Husema kwa taabu na husahau hesabu. Lakini anawatambua watu wake, na anajua kwamba hataki kuuza karasha lake. Nduguye anaomba barua, na karani anaandika kwamba huyo ndiye "mlezi" wake. Kwa neno hilo moja mtu mzima amerudishwa utotoni, na karasha laweza kuuzwa bila ya yeye kuulizwa.

Mlezi hutokana na kitenzi lea, na anayelelewa hutazamiwa kukua. Mahali pa neno hili ni kwa mtoto, ambaye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaja kuwa mtu wa umri chini ya miaka 18. Chama nacho huwa na mlezi, lakini huo ni ulezi wa heshima.

Msimamizi husimamia jambo au mali, si nafsi ya mtu; ndiyo maana twasema msimamizi wa mirathi. Basi, anayeteuliwa na mahakama kutunza mali ya mgonjwa wa akili aitwe msimamizi wa mali, na madaraka yake yasivuke amri iliyomteua.

Lipo jambo la tatu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unatambua katika ibara ya 12 kwamba watu hao wana uwezo wa kisheria sawa na wengine, na unazitaka nchi ziwapatie msaada wa kuutumia. Mtoaji wa msaada huo hueleza, hukumbusha na hufasiri ishara; haamui. Tunapendekeza aitwe msaidizi wa maamuzi.

Kabla ya kuandika, mfasiri na ajiulize: ni nani anayeamua? Mchimbaji wetu, akisaidiwa, aweza kujibu mwenyewe. Nduguye, basi, ni msaidizi.