FUNGATE YA MIAKA 12: MNARA WA PARIS, MJUSI WA LINDI

Wazee wa Pwani walipanga mambo yao vizuri. Fungate kwao ilikuwa siku 7 kamili: maharusi ndani, chakula kinaletwa, hakuna anayewauliza habari ya kodi ya nyumba. Siku hizi fungate imebaki neno la kwenye kadi. Michango ikishalipa ukumbi, muziki na keki, maharusi wanarudi nyumbani na sufuria za zawadi na ukapa wa kutisha. Wanaahidiana kwamba mambo yakikaa sawa watakwenda mahali. Mambo nayo hayakai sawa! Anazaliwa mtoto, anafuata wa pili, bati zinapanda bei, na ahadi inageuka utani wa mezani.

Mimi na mama watoto tulioana mwaka 2013. Ahadi yetu ilikuwa Ulaya. Si ya kuzamia wala kubeba boksi, la hasha! Tulitaka kutembea, kushangaa, kupiga picha na kurudi Bongo kazini Jumatatu. Tuliitimiza Juni 2025: siku 13, miji 3, yaani Amsterdam, Paris na Berlin. Washikaji wameniuliza sana ilikuwaje. Basi leo namwaga yote, matamu na machungu, maana najua wako wengi wenye ahadi kama hiyo chini ya godoro.

MKWANJA NA MANENO YA NDUGU

Tuanze na pesa, maana huko ndiko safari nyingi zinakofia. Sisi hatukushinda bahati nasibu. Kila mwezi mimi niliweka, yeye aliweka, kiasi sawa, kwenye akaunti moja ambayo tuliikatalia kadi makusudi. Zamu yetu ya upatu ilipofika, hatukununua hata kijiko. Miaka 5 ya namna hiyo, na mwaka wa ugonjwa wa mtoto ulitula nusu ya tulichokuwa nacho. Tukaanza tena.

Ndugu walipopata habari, kasheshe likaanza. Shangazi yangu alifunga safari kutoka Mbagala kuja kutuuliza uso kwa uso: "Yaani mna kiwanja Chanika kimeota majani mpaka nyoka wanazaliana, halafu mnakwenda kutazama chuma?"

Mama watoto akamjibu kwa adabu zote: "Shangazi, kiwanja hakizeeki. Sisi ndio tunaozeeka."

Shangazi alinyamaza, lakini maneno yalienda ukoo mzima kabla hajafika kituo cha basi.

VIZA, HAPO SASA!

Mara ya kwanza tuliomba mwaka 2023, katika ubalozi mmoja ambao jina lake nalihifadhi. Tukanyimwa. Karatasi ilisema kwamba hawakuridhika kuwa tungerudi kwetu. Ada, kama kawaida ya viza, hairudishwi. Bibie alilia siku hiyo, na si kwa sababu ya pesa. "Wanadhani nitawatupa wanangu nikaoshe vyombo vya watu?" Mimi sikuwa na jibu.

Mara ya pili tuliingia na mzigo kamili: barua za likizo kutoka kazini kwa kila mmoja, taarifa ya benki inayoonyesha pesa zikiingia kidogo kidogo mwezi baada ya mwezi, barua ya shule ya watoto wanaobaki, hati ya kile kile kiwanja cha Chanika alichokisema shangazi, na mahali pa kulala kila usiku. Wiki ya tatu, simu ikalia. Viza mbili, mbichi!

Kwa anayejipanga, shika haya. Viza ya Schengen inafungua nchi 29 kwa karatasi moja. Unaiomba kwenye nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Sisi usiku 5 ulikuwa wa Ufaransa, tukaombea huko. Unaweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na isiwe chini ya siku 15. Tangu Juni 2024 ada ya mtu mzima ni yuro 90. Bima ya safari ni lazima, na iwe ya kuanzia yuro 30,000. Pasi yako iwe na uhai wa miezi 3 zaidi baada ya tarehe ya kuondoka huko.

PANTONI YA BURE

Pesa zilitosha miji 3. Amsterdam ilijichagua yenyewe kwa kuwa ndege ilishukia hapo. Paris haikuwa na ubishi. Mji wa tatu ndio uliotugombanisha: mimi nilitaka Roma, nikaone magofu ya Warumi. Mwenzangu alitaka Berlin.

"Berlin kuna nini?"

"Kuna wa kwetu."

Nikacheka. Yeye ni mtu wa Lindi, na miaka yote amekuwa akinipigia hadithi za mjusi mkubwa aliyechukuliwa na Wajerumani. Lakini nusu ya akaunti ilikuwa yake, na Paris nilikuwa nimeshaipata. Berlin ikapita.

Amsterdam, jamani, ni mji wa maji na baiskeli. Nchi ile ina baiskeli nyingi kuliko watu, na wewe mtembea kwa miguu ndiye unayepaswa kukimbia. Nyumba za kando ya mifereji ni nyembamba na ndefu, na juu kabisa kila moja ina ndoano: ngazi za ndani ni finyu, kwa hiyo kabati na vitanda vinapandishwa kwa kamba na kuingizwa dirishani. Tuliyoipenda zaidi ni pantoni. Nyuma ya stesheni kuu kuna vivuko vinavyovusha watu na baiskeli zao ng'ambo ya maji, usiku na mchana, bila nauli. Bure! Mama watoto, aliyekulia Kigamboni kwa mjomba wake, alivuka mara 4 kwa furaha tu.

PARIS BILA CHUMVI

Kutoka Amsterdam mpaka Paris ni treni ya saa 3 na dakika kidogo. Tuliingia jioni tukidhani jioni. Saa ilisema saa 3 usiku na jua bado linawaka! Mwezi Juni magharibi ya Paris inaingia karibu saa 4 usiku. Bibie alitaka kuswali na kulala, akalisubiri jua mpaka akasinzia juu ya msala.

Mnara wa Eiffel uliinuliwa kwa maonyesho ya mwaka 1889, na ulipangiwa kusimama miaka 20 tu. Leo una mita 330 na hauna dalili ya kwenda popote. Ukitaka kupunguza gharama, panda kwa ngazi: 674 mpaka ghorofa ya pili, na kutoka hapo juu kabisa ni lifti tu. Tulipanda. Magoti yalituambia ukweli kuhusu umri wetu. Giza likiingia, kila saa inapogonga mnara unametameta kwa dakika 5, na hilo ukiwa chini hulipii hata senti.

Katika jumba la Louvre, Mona Lisa ni mdogo, sentimita 77 kwa 53, na mbele yake kuna umati kama wa mechi ya Simba na Yanga. Kanisa la Notre-Dame, lililoungua Aprili 2019, lilifunguliwa tena Desemba 2024, na kuingia ni bure. Kahawa ukinywa umesimama kaunta ni nafuu kuliko ukikaa nje kuuza sura. Kwenye ngazi za Montmartre wako jamaa wanaokukamata mkono na kukufunga uzi wa rangi, kisha wanadai pesa. Mmoja alimshika mama watoto. Akamwambia kwa Kiswahili cha Lindi, taratibu kabisa: "Kaka, mwachie mke wa mtu." Sijui jamaa alisikia nini, ila alimwachia.

Sasa niseme ambalo picha za simu hazisemi. Siku ya pili pale Paris tulikaa mgahawani, tukatazamana, na tukakosa la kuzungumza. Kweli tupu! Kwa miaka 12 maneno yetu yalikuwa ada, gesi, Luku na nani anamchukua mtoto shule. Vyote hivyo vilikuwa vimebaki Dar. Nilimtazama mwanamke yule nikaona nakaa na mgeni. Naye aliniambia baadaye kwamba alikuwa anawaza hivyo hivyo. Kwenye treni ya chini ya ardhi tukagombana juu ya kitu kidogo, chupa ya maji ya yuro 3, kumbe ugomvi haukuwa wa maji.

Jioni ile tulinunua mkate, tukaenda kukaa ukingoni mwa mto Seine. Jua halizami, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kwenda kulala. Baada ya kimya kirefu ndipo akaanza kunisimulia habari ya mjusi, safari hii kuanzia mwanzo.

MZIGO WA BABU

Alisema babu yake mzaa mama alihadithiwa na baba yake mwenyewe kwamba Wajerumani walikuja kilimani Tendaguru, katika nchi ya Wamwera, wakawaajiri watu kuchimba mawe yenye umbo la mifupa. Mzee huyo alibeba. Mzigo kichwani, umefungwa kwa mianzi, mpaka bandarini Lindi, kilomita zipatazo 60 kwa miguu. Kisha anarudi kubeba mwingine.

Hadithi ya ukoo na vitabu vinakubaliana. Uchimbaji ule ulifanyika kati ya mwaka 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Majimaji kuiacha Kusini na njaa na makaburi. Mamia ya watu walichimba na kubeba, na tani zaidi ya 200 za mifupa zilipakiwa melini. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 wanasayansi walimpa mjusi mmoja wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake.

"Mimi sijui babu alikuwa anawaza nini njiani," aliniambia. "Nataka tu nikaone alichobeba."

Miaka 12 nililala na mtu huyu, na ndiyo kwanza nasikia sauti ile.

SHIKAMOO

Paris hadi Berlin kuna treni ya moja kwa moja ya mchana tangu Desemba 2024, mwendo wa saa 8 hivi. Usidanganywe kwamba viza moja maana yake hakuna maswali: Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, na polisi walipita behewani wakitaka pasi. Uwe nayo mfukoni, isikae chini ya begi.

Jumba la makumbusho ya viumbe liko mtaa wa Invalidenstraße, na Jumatatu wamefunga. Unapita mlango, unaingia ukumbi mkubwa, na huyo hapo. Hakuna kumtafuta. Kimo chake ni mita 13.27, mifupa mirefu kuliko yote ya mjusi iliyosimamishwa duniani. Shingo inapanda mpaka kwenye paa la kioo. Pembeni wamesimama nduguze wadogo, akiwemo Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni, naye wa Tendaguru.

Watoto wa shule walikuwa wanapiga kelele. Mama watoto alisogea mpaka kwenye kizuizi, akainua uso, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Shikamoo."

Nilitaka kucheka, sikuweza. Anayesalimiwa ana miaka milioni 150 na katoka Lindi. Shikamoo ni haki yake.

Tulikaa saa 3. Alitazama mfupa wa paja ulio mkubwa kumshinda yeye, akauliza, "Huu walibeba wangapi?" Hakuwa ananiuliza mimi.

Usiku tulizungumza mpaka saa 8. Suala la kuirudisha mifupa limefika bungeni kwetu zaidi ya mara moja, na Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa ukoloni. Nilimuuliza bibie kama angetaka mjusi arudishwe. Alifikiri. "Wakisema wanamleta kesho, tutamweka wapi? Lakini mtoto wa Lindi asilazimike kuomba viza kwenda kumwona wa kwao. Hilo ndilo linaloniuma." Nikakumbuka ile karatasi ya 2023, na machozi yale.

JE, INALIPA?

Wengi mnataka kujua kama ilistahili, kwa pesa ambazo zingejenga msingi na kuta. Jibu langu ni hili. Ukienda kwa ajili ya picha, utapata picha, na shangazi atakuwa ameshinda hoja. Ukienda na mwenzio, jiandae kwa ile siku ya pili mtakapokosa la kusema, na usiikimbie kwa kushika simu. Upande wa pili wa kimya kile kuna mtu uliyemwoa.

Chanika bado ni majani. Kibubu kimefunguliwa upya, mara hii kwa tofali. Ila Desemba, watoto wakifunga shule, tunakwenda Tendaguru penyewe wakaone kilima cha babu yao. Dar mpaka Lindi ni lami, kilomita 450 hivi, basi linaondoka alfajiri. Viza haihitajiki.