Hofu na Tumbo

Mkulima wa tumbaku wa Usinge angojapo zamu yake mbele ya mteuzi, asijue marobota yake yatapewa daraja gani, mara nyingi huona tumbo likimsokota. Chakula hakimwendei, naye huenda chooni mara kwa mara. Soko likiisha, tumbo hutulia. Wazee walilijua jambo hili tangu zamani, ndiyo maana twasema kwamba mtu yu tumbo joto. Lakini wako wadhanio kuwa wamelishwa sumu au wamerogwa, wakaanza kutafuta adui kati ya jirani zao. Basi twaona yafaa kueleza sababu yake.

Kati ya ubongo na tumbo iko mishipa ya fahamu ipelekayo habari huku na huku. Mtu aogopapo, ubongo huuamuru mwili ujiweke tayari kupigana au kukimbia. Moyo hupiga mbio, na damu hupunguzwa matumboni ikapelekwa kwenye misuli. Tumbo hulegeza kazi yake, na utumbo mpana huharakisha yake. Ndipo huja kichefuchefu, msokoto, au haja ya ghafula. Mbele ya simba jambo hili ni msaada. Lakini mwili haupambanui sana kati ya simba na deni.

Haya yameonekana kwa macho. Mwaka 1822, huko Marekani, Alexis St. Martin alipigwa risasi, na jeraha lake likapona likiacha tundu lifikalo tumboni. Tabibu wake, William Beaumont, alichungulia humo kwa miaka kadhaa, akaona ya kuwa hasira huharibu kazi ya tumbo.

Kwa hiyo maumivu hayo si ya uongo, wala si uchawi. Apatwaye nayo na aketi, avute pumzi taratibu na kuitoa polepole zaidi, kisha amweleze mtu amwaminiye lile limsumbualo. Walakini tusiisingizie hofu kila ugonjwa. Mwenye homa, au atapikaye au kuhara damu, au mwenye choo cheusi kama lami, au akondaye bila sababu, aende zahanati upesi. Maana minyoo, kichocho na vidonda vya tumbo haviponi kwa kutuliza moyo.

Twawasihi basi: tumbo likisokota, mtu na aipime kwanza hofu yake, aziangalie dalili zake, amwone mganga wa zahanati, wala asimshitaki jirani.